Ushuhuda, Hatua na Baraka: Uhakiki wa Lugha ya Kuacha Ulevi katika Mbulu na Hanang

Mtu aachapo ulevi kwa nguvu ya imani, kitu cha kwanza wanachokipata jirani zake si imani hiyo bali maneno yake. Imani ni siri ya moyo. Maneno husikika sokoni, kanisani na kilabuni, na kwa maneno hayo mtu huaminiwa au huchekwa. Kwa hiyo nafasi ya mambo ya kiroho katika kupona uraibu, ambayo aghalabu huachiwa madaktari na wachungaji, yamhusu pia mchunguzi wa lugha. Zipo namna tatu za usemi zinazofaa kuhakikiwa pamoja kwa ajili ya wilaya za Mbulu na Hanang. Ya kwanza ni ushuhuda wa waliookoka. Ya pili ni zile hatua kumi na mbili zilizotoka Marekani na kuingia Afrika ya Mashariki kwa mlango wa pwani. Ya tatu ni slufay, sala ya baraka ya wazee wa Kiiraqw. Kila moja ina sarufi yake, na sarufi hiyo ndiyo inayoamua mlevi ataitwa nani siku atakapoanguka tena.

Wilaya hizi mbili zimo katika mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Wenyeji wengi wa Mbulu ni Wairaqw, ambao lugha yao ni ya jamii ya Kikushi. Katika Hanang, chini ya mlima wa jina hilo wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, wapo Wairaqw pia, na wapo Wadatooga, hasa Wabarabaig, ambao lugha yao ni ya Kinilo, pamoja na watu wa makabila ya Kibantu. Kiswahili huko ni lugha ya shule, ya hospitali, ya mabaraza na ya ibada nyingi. Maana yake ni kwamba mlevi wa Kiiraqw au wa Kibarabaig atakaye kuacha pombe hutakiwa mara nyingi aieleze nafsi yake kwa lugha aliyojifunza baada ya ile ya mama yake, tena kwa maneno yaliyochongwa pwani.

Neno uraibu lenyewe ni shahidi wa safari hiyo. Katika matumizi ya zamani ya pwani lahusu tambuu na viungo vyake: popoo, chokaa, tumbako. Mtu alikuwa na uraibu wake kama alivyokuwa na kanzu yake, wala hapakuwa na aibu ndani yake. Leo neno hilo limebebeshwa pombe, bangi na heroini, na limekuwa neno la zahanati na la semina. Kando yake yapo maneno ya wazi zaidi. Amelewa ni habari ya usiku mmoja, nayo huisha kwa usingizi. Mlevi ni jina, nalo hubaki hata asubuhi mtu akiwa na akili zake timamu. Mraibu ni neno la tatu, na kazi yake ni kulitoa jambo katika tabia na kulitia katika maradhi. Aliyelewa huachwa alale, mlevi huambiwa atubu, mraibu hupelekwa kutibiwa. Anayesema juu ya imani na uponyaji bila kuchagua kati ya maneno haya hujikuta akimwombea mgonjwa na kumhukumu mkosaji katika sentensi moja, na si wahubiri wachache wafanyao hivyo.

Lakini katika Mbulu na Hanang liko jambo linalotangulia maneno haya yote. Pombe yenyewe ilikuwa kitu cha ibada. Pombe ya mtama, ambayo Wairaqw huiita buura, haikuwa kiburudisho tu. Ilikuwamo katika ugeni, katika kazi ya pamoja, katika kusuluhisha ugomvi na katika kuomba. Ole Bjørn Rekdal aliandika mwaka 1996, katika jarida la Africa, juu ya fedha, maziwa na pombe ya mtama miongoni mwa Wairaqw, akifuatilia yaliyobadilika na yaliyodumu. Kwa upande wa Wabarabaig, George Klima, katika kitabu chake cha mwaka 1970, aliieleza pombe ya asali na mahali pake katika bung'eda, yaani maziko makuu ya mzee mwenye heshima. Kwa desturi pombe hiyo ilikuwa ya wazee na ya shughuli. Haikuwa ya kijana wala ya kila jioni.

Mwaka 1961 mwanasaikolojia Carl Jung alimwandikia barua Bill Wilson, mmoja wa waanzilishi wa chama cha walevi wanaosaidiana kuacha, akimwonyesha kwamba Kilatini hutumia neno moja kwa roho ya ibada na kwa kileo kikali, na kwamba kiu ya mlevi ni kiu ya kiroho iliyopotea njia. Wazo hili limesifiwa sana. Kiswahili hakiwezi kulitamka, kwa kuwa roho tulipewa na Waarabu na spiriti ikaja baadaye kutoka kwa Waingereza, na maneno hayo mawili hayajapata kukutana. Hata hivyo mtu wa Mbulu hahitaji fumbo la Kilatini. Kwake uhusiano wa roho na kileo haumo katika neno, umo katika kibuyu. Na hapo ndipo penye mkasa: mtu anayekataa kibuyu ili apone aweza kuonekana kuwa ameikataa na baraka iliyosemwa juu yake.

Isidhaniwe kwamba kibuyu cha wazee ndicho kilicholeta maangamizi yanayoonekana leo. Pombe iliyopikwa kwa siku kadhaa, ikanywewa mchana mmoja na kwisha, haikumpa mtu nafasi ya kulewa kila siku. Fedha ndiyo iliyoifungua. Pombe ilipogeuka bidhaa, mwanamke anayeipika alipata ada ya shule, na mumewe alipata kilabu kisicho na msimu. Gongo ikaingia, tena kwa siri, kwa kuwa imepigwa marufuku; kisha vikaja viroba, vile vipakiti vidogo vya pombe kali ambavyo hata mtoto aliweza kuvinunua. Serikali ilipiga marufuku viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitoa tangazo hilo akiwa ziarani katika mkoa huu huu wa Manyara. Kiroba hakina mzee wa kukigawa wala sala ya kukitangulia. Hunywewa na mtu mmoja, amesimama, mara nyingi akiwa njiani. Kama pombe ya mtama ilikuwa na sarufi ya wingi, kiroba ni nafsi ya kwanza umoja.

Sasa ushuhuda. Asili yake ya karibu ni ule uamsho wa Kiprotestanti ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Uamsho huo ulileta desturi ya mtu kusimama mbele ya wenzake na kutaja dhambi zake kwa majina, na kuacha pombe kabisa kukawa alama mojawapo ya wokovu. Makanisa ya Kipentekoste yaliyofuata yaliurithi usemi huo na kuuongezea habari za pepo na za kufunguliwa. Nguzo ya usemi huu ni kiambishi -me-: nimeokoka, nimeacha, nimefunguliwa. Kila mwanafunzi wa Kiswahili ajua kwamba -me- haisimulii tendo tu, bali hali iliyobaki baada ya tendo. Aliyesema nimeokoka hasemi habari ya jana. Asema yeye ni nani sasa.

Nguvu ya neno hili yastahili kusifiwa kabla ya kulaumiwa. Katika jamii ambamo kukataa kibuyu ni kumkataa aliyekitoa, mtu hawezi kusema tu kwamba hataki. Atatukanwa, au atashawishiwa mpaka anywe. Akisema nimeokoka, mambo hubadilika. Mwenyeji hatukanwi, kwa kuwa aliyekataa si mgeni bali ni Mungu wa mgeni. Neno hilo ni ngao, na wapo walioacha pombe miaka mingi bila ya kitu kingine chochote ila ngao hiyo na kundi la watu wanaokutana Jumatano na Jumapili. Wanaolibeza kuwa ni maneno matupu hawajafikiri jinsi mtu maskini wa kijijini anavyoweza kuziepuka jioni saba za juma.

Walakini -me- haina mlango wa nyuma. Aliyetangaza hali kamili hawezi kuanguka ila kwa kuikanusha hali hiyo. Akinywa mara moja, ushuhuda wake wote wageuka uongo, na kanisa lina neno lililo tayari: amerudi nyuma. Ataweza kutubu, naam, lakini mara ya tatu na ya nne waumini hupunguza furaha, na yeye mwenyewe huanza kujificha. Madaktari wanaotibu uraibu hukubaliana kwamba kuurudia ulevi ni jambo la kawaida katika safari ya kupona. Usemi usio na namna ya kulitaja jambo la kawaida isipokuwa kwa jina la usaliti humpeleka mtu gizani wakati anapohitaji mno kuonekana. Riwaya ya Kiswahili nayo haikusaidia sana upande huu. Zakaria, mlevi katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), apewa aibu na hatimaye hukumu. Kupona hakumo katika hadithi yake.

Hatua kumi na mbili zina mwanzo mwingine. Chama kilichozitoa kilianza Akron, Ohio, mwaka 1935, na kitabu chake kilichapishwa mwaka 1939. Kilijifunza mengi kwa Wakristo wa kundi la Oxford, kisha kikaondoa majina ya madhehebu, kikabakiza nguvu iliyo kuu kuliko mtu na Mungu kwa kadiri kila mtu amfahamuvyo. Kwa watumiaji wa heroini njia hii ilishika mizizi Zanzibar, katika nyumba zilizofunguliwa kuanzia yapata mwaka 2009, na baadaye bara, ambako Muhimbili ilikwisha anza kutoa methadoni mwaka 2011. Zanzibar hatua hizo hazikuona shida kukaa katika nyumba ya Kiislamu. Neno toba lilikuwa likizisubiri, na kwa asili yake ya Kiarabu toba ni kurudi. Mtu aliyeanguka hakosi pa kwenda, maana kurudi ndiko kutubu kwenyewe.

Jina rasmi la nyumba hizo ni nyumba za upataji nafuu. Wapenda lugha wamelicheka jina hili, na kweli masikioni lina ukakasi. Lakini lililotafutwa limepatikana. Nafuu husemwa juu ya mgonjwa ambaye bado yu kitandani: homa imeshuka, amekunywa uji, lakini hakuna aliyetangaza kwamba amepona. Jina hilo laafikiana na kiambishi cha mikutano yao, ambacho ni -na-: ninapona, mraibu anayepona. Hapa anguko halimfanyi mtu kuwa mwongo. Siku zake huhesabiwa upya kutoka moja, na kiti chake ki pale pale.

Hata hivyo uko ubaya, nao umo katika tamko la kujitambulisha. Mtu husimama, hutaja jina, na kusema kwamba yeye ni mraibu. Hilo ni haifungwi na wakati. Lasema kiini cha mtu. Kwa Kiingereza tamko hili ni unyenyekevu. Mbele ya baraza la wazee wa Kiiraqw lina sura nyingine: mtu mzima, pengine baba wa wakwe, ajiapisha jina baya kwa kinywa chake mwenyewe, na hakuna siku iliyowekwa ya kulivua. Desturi ya Wairaqw ilijua kumtenga mtu, lakini ilijua pia kumrudisha. Ile hali ya kujitenga iitwayo meeta, iliyowapata waliofiwa na wengine waliohesabiwa kuwa na unajisi, ilikuwa kali. Mtu hakula wala kunywa pamoja na jirani. Lakini ilikuwa na kipimo, na mwisho wake ulikuwa na ibada ya kumrejesha mtu katika watu. Isitukuzwe kupita kiasi, kwa maana iliwaumiza wanyonge, wakiwamo wasichana waliopata mimba kabla ya kuolewa. Linalotajwa hapa ni umbo lake: kutoka kwake kulikuwa na kuingia tena.

Ajabu ni kwamba maandishi ya hatua zenyewe hayana umoja huo. Zimeandikwa zote katika nafsi ya kwanza wingi na katika wakati uliopita. Kiswahili chake chahitaji tuli- tangu ya kwanza hata ya mwisho. Ni habari ya watu waliokwisha pita, wakimsimulia anayekuja. Nafsi ya umoja ni ya mkutanoni, haimo kitabuni. Atakayezipeleka hatua hizi Mbulu afadhali ashike kitabu kuliko desturi ya mkutano.

Imebaki slufay. Wataalamu wa Kiiraqw wameiandika kwa bidii. Paul Berger alikusanya matini za Kiiraqw katika miaka ya 1930, na Roland Kiessling alizitoa pamoja naye mwaka 1998. Sarufi ya Maarten Mous ilitoka mwaka 1993. Na kwa wasomaji wa Kiswahili W. D. Kamera alitoa Hadithi za Wairaqw wa Tanzania mwaka 1978. Slufay husemwa na mzee mbele ya mkusanyiko, naye huisema kwa vipande; kila kipande huitikiwa na waliohudhuria. Maneno yake mengi ni ya kale na ya mafumbo. Huombwa amani, mvua, watoto, mifugo, na balaa liondoke katika nchi. Anayeombwa hasa ni Lo'a, aliye juu, jua na mama mwenye huruma. Walio chini majini, Neetlaangw, hutajwa kwa hofu.

Kiswahili chake kingekuwa namna ya kutakia, ile yenye -e mwishoni, tena katika wingi: tuishi, tupone, balaa litoke. Hakuna anayetangaza kwamba amepona, wala anayejitaja kuwa mgonjwa. Mwenye shida hukaa katikati ya wengine akiitikia, na kuitika kwake ndiko kukiri kwake. Kwa mlevi hili ni jambo kubwa. Ushuhuda wamtaka ashinde kwanza ndipo aseme. Mkutano wamtaka ajivue nguo ndipo akae. Slufay yamwomba aitike tu. Yaweza kuitikiwa na aliyekunywa jana na aliyeacha miaka kumi, kwa sauti ile ile.

Pingamizi ni dhahiri: aghalabu slufay husemwa palipo na pombe. Je, itasimama pasipo hiyo? Wapo wanaosema kwamba kuiondoa pombe ni kuiua. Hoja hiyo haina nguvu kama inavyodhaniwa. Uzuri wa slufay, kama uzuri wa utenzi, umo katika mpangilio wa vipande, katika usawa wa maneno yanayojibizana, na katika pumzi ya waitikiaji. Hakuna kipande kinachoharibika kwa sababu kibuyu kina maziwa. Maziwa nayo si mageni katika baraka za wafugaji wa nchi hizo, Wairaqw na Wadatooga kwa pamoja. Inayoharibika ni heshima ya mzee aliyezoea kupewa ya kwanza, na hilo ni jambo la mzee, si la fasihi. Wakatoliki wenye divai katika kikombe cha altare wamewahi kuulizwa swali hili hili, na Misa haikufa katika nchi ambazo padre mlevi huruhusiwa kutumia maji ya zabibu yasiyochachuka.

Pingamizi la pili latoka upande wa kanisa: slufay ni ya dini ya kale, na aliyeokoka hawezi kuiitikia. Hapa yafaa kukumbuka uchunguzi mwingine wa Rekdal, wa mwaka 1999, ulioonyesha kwamba Wairaqw tangu zamani huutafuta uponyaji kwa watu wasio wa kabila lao, Wadatooga kwa mfano, na kwamba ugeni wa mganga ni sehemu ya nguvu anayodhaniwa kuwa nayo. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na Wanorwe mwaka 1955, ilipokelewa na watu waliokwisha zoea kuvuka mpaka kutafuta dawa. Kwa watu wa namna hiyo kuchanganya njia si usaliti, ila kwa yule anayetaka uwe usaliti. Mtu aweza kutibiwa Haydom, akasali Jumapili, akaitika baraka ya babu yake, na asione mgongano. Mgongano huletwa na anayemtaka achague neno moja la kujiitia.

Kasoro ya slufay ni nyingine, nayo haitajwi na wanaoisifu. Haina nafsi ya kwanza umoja hata mahali inapohitajika. Mke aliyepigwa na mume mlevi hawezi kufidiwa kwa wingi wa kutakia. Lazima mtu mmoja aseme kwamba alipiga, kwa -li- na kwa ni-, na amwambie yeye aliyepigwa. Ushuhuda walijua hili, na hatua pia, kwa kuwa zimetenga mahali pa kuwaorodhesha waliodhulumiwa na kuwaendea. Baraka inayomfunika kila mtu yaweza kumfunika mkosaji vizuri mno. Basi kuitika hakutoshi; kabla ya maziwa kugawiwa, wapo wa kuombwa radhi nyumbani.

Mfasiri atakayejaribu kuzitia hatua hizi katika Kiiraqw atakutana na jambo ambalo Kiswahili kimemsaidia kulikwepa. Katika Kiswahili Mungu hana jinsia: yeye ni yeye tu, na nguvu iliyo kuu yaweza kuachwa katika ngeli ya vitu bila mtu kuuliza. Kiiraqw huigawa nomino kwa jinsi, na jua ni la kike. Mlevi wa pwani aliyekabidhi maisha yake kwa mwenye nguvu hakulazimika kusema kama alimkabidhi baba au mama. Yule wa Mbulu, tangu neno la kwanza la sala yake, hana budi kusema.